Mke Wangu Kitandani, Mimi Kwenye Benchi

Nilikuwa naingiza uzi kwenye sindano ya cherehani pale mke wangu aliposimama mbele yangu akasema, "Acha hiyo kazi." Hakupaza sauti. Alikuwa ametoka bombani, ndoo ameiacha huko huko, na mikono yote miwili ameishikilia kiunoni kama mtu anayehofia kanga yake itaanguka. Nikamtazama usoni, kisha nikatazama chini, nikaona damu imeshuka mpaka kwenye kandambili.

"Inauma?"

"Haiumi. Ndiyo maana naogopa."

Mimba ilikuwa ya miezi sita na ushee. Kabla ya hiyo zilishatoka mbili, zote zikiwa changa, na kila moja ilitoka kwa maumivu ya kumfanya ang'ate shuka. Hii ilitoa damu kimya kimya, nyekundu, bila kumwambia chochote.

Tulikuwa tunaishi Pasua, chumba kimoja na kibaraza cha mbele ambapo nilikuwa nimeweka cherehani yangu. Miaka hiyo mitumba ilikuwa imeanza kumwagika Moshi, marobota kwa marobota, na sisi mafundi tuliozoea kushona suruali mpya tukageuka watu wa kupunguza suruali za Wazungu. Kiuno, miguu, kiuno, miguu, kutwa nzima. Jirani yetu alikuwa na pikapu aliyobebea nyanya kutoka Kwa Sadala, na bahati nzuri mchana huo alikuwa nyumbani anakula. Aliiacha sahani bila hata kunawa. Tulimlaza mke wangu nyuma juu ya magunia matupu, kichwa chake mapajani mwangu, tukapanda kuvuka mji kwenda hospitali. Njia nzima alinishika kidole gumba. Tulipofika mapokezi nesi alimwambia aniachie ili wamhamishie kwenye machela, naye akawa anamwangalia tu, haelewi anaambiwa aachie nini.

Daktari aliyemwona alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Baada ya kumpima kwa ile mashine ya kuangalia tumboni alikuja kusimama kando ya kitanda, akakunja ngumi, akaigeuza ili sisi tuone sehemu ya chini.

"Chukulieni hii ndiyo nyumba ya mtoto. Mlango uko huku chini. Kondo la nyuma lilitakiwa likae huku juu, au pembeni. La kwenu limekaa hapa, mlangoni kabisa. Mlango ukifunguka hata kidogo, linachanika, damu inatoka. Ikitoka nyingi, tunaweza kuwapoteza wote wawili."

"Dawa yake nini?" niliuliza.

"Kulala. Hapa hapa, tukimwona. Haendi nyumbani, hainui kitu, hafanyi kazi yoyote, mpaka mtoto akomae kiasi cha kutosha tumtoe kwa upasuaji. Na wewe utafute watu wa kutoa damu. Watatu hivi. Tuiweke mapema, tusije tukaanza kukimbizana siku yenyewe."

Mke wangu akasema, "Na kahawa?"

Alikuwa amemwahidi mama yangu kwamba atapanda Kibosho kumsaidia kuchuma, maana ilikuwa imeanza kuiva. Daktari alidhani anaulizia kinywaji. Akamwambia hapana, kahawa apunguze, bora maziwa. Tulitazamana mimi na mke wangu, na nadhani tungecheka kama tungekuwa na nguvu.

Walimpa kitanda cha dirishani katika wodi ya wajawazito wanaosubiri. Miguu ya kitanda upande wa chini iliinuliwa kwa matofali ya mbao, kwa hiyo alikuwa amelala kama mtu anayeteleza kwenda kichwani. Kulikuwa na saa za kuona wagonjwa, asubuhi, mchana na jioni, na nje ya saa hizo mwanamume hakuruhusiwa kuvuka mlango. Tulikuwa na benchi letu kwenye veranda, refu, la mbao, limelainika kwa makalio ya waume waliotutangulia. Hapo ndipo nilipokaa.

Hofu ya siku ya kwanza ilinipa nguvu ambazo sikujua ninazo. Nilikimbia huku na huko, nikaleta mashuka, nikaleta beseni, nikatuma salamu nyumbani. Damu ilipokauka na hofu ikatulia, zikaja siku ambazo hakuna kinachotokea, na hizo ndizo zilizonimaliza. Niliamka, nikapika, nikafunga hotpoti na chupa ya chai nyuma ya baiskeli, nikapanda. Kutoka Pasua kwenda hospitali ni kupanda tu. Kupita stendi na katikati ya mji unaweza kuendesha, baada ya hapo unashuka na kusukuma. Nikafika, nikasubiri mlango ufunguliwe, nikaingia, tukaongea, nikafukuzwa. Nikashuka kushona suruali mbili tatu. Nikapanda tena. Jioni nilirudi na kanga zake zilizotumika, nikazifua uani. Wanawake wa ile nyumba walinicheka, kisha wakazoea, kisha mmoja akaanza kuniwekea maji bila kuniambia.

Maneno nayo yaliisha. Watu wawili mnaoishi pamoja mnaongea juu ya mambo mnayofanya, na yeye hakuwa anafanya kitu.

"Umelala?"

"Unaniuliza kama nimelala! Nina kazi gani nyingine?"

"Namaanisha usingizi."

"Usingizi hakuna. Kulala kupo tele."

Kitanda cha pili kutoka kwake alilazwa mwanamke mmoja wa Tarakea, mfanyabiashara wa maharage ya kuvusha mpakani, mnene, mcheshi, na tatizo lake lilikuwa hilo hilo la mke wangu. Yeye alikuwa na watoto wanne nyumbani. Mume wake hakuweza kufika kila siku kwa sababu ya umbali, kwa hiyo nilianza kupika kwa ajili ya watu wawili. Mimi si mpishi. Mtori wangu wa kwanza wa ndizi na nyama ulikuwa mzito kiasi kwamba kijiko kilisimama chenyewe.

"Baba," akaniambia yule mama akiwa amekishika, "huu mtori ni wa kula au wa kujengea?"

Wodi nzima ilicheka, na wajawazito kadhaa wakashika matumbo yao wakisema tuwahurumie. Mke wangu alicheka mpaka machozi. Kwa kicheko kile ningeweza kupika vibaya mwaka mzima.

Yule mama ndiye aliyeeneza habari kwamba mimi ni fundi. Wakaanza kunipa vitu. Gauni lililochanika kwapani, blauzi ya kuongezwa upana, pindo la shuka lililofumuka. Nilivibeba jioni na kuvirudisha kesho yake, na wao wakamwachia mke wangu ndizi mbivu, parachichi, kipande cha sabuni. Alizipanga kwenye kikabati chake kama mwenye duka.

Mchana mmoja nilifika nikiwa nimeshona tangu alfajiri. Nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda, nikampa chakula, nikamuuliza kama ameona damu, akasema hapana. Nilichosikia baada ya hapo ni kengele ya kumaliza saa za wageni. Kidevu changu kilikuwa kifuani, mate yamenitoka, na begani nilikuwa nimefunikwa kitenge chake. Sahani ilikuwa imeshakuliwa na kufunikwa.

"Mbona hukuniamsha?"

"Nikuamshe uniambie nini? Umechoka."

"Nimekuja kukuona wewe."

"Na mimi nimekuona wewe," alisema. "Sijawahi kukuangalia muda mrefu hivyo tangu tuoane. Una mvi mbili hapa." Akanigusa juu ya sikio.

Jumapili iliyofuata nilipanda Kibosho kutafuta watu wa damu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshatoa, na mdogo wa kiume wa mke wangu alikuwa ametoa pia. Alibaki mmoja. Nilifikiri itakuwa rahisi, sisi ni ukoo mkubwa na vihamba vyetu, mashamba ya urithi, vinapakana. Baada ya misa niliongea na wanaume pale nje ya kanisa, binamu zangu na wengine niliokua nao. Kila mmoja alisikitika sana. Mmoja alikuwa na malaria. Mwingine alikuwa anatarajia wanunuzi wa kahawa, wale wapya wa watu binafsi walioanza kupanda na magari yao, hawezi kuondoka. Wa tatu alisema damu yake ni nyepesi. Nilielewa. Miaka ile tulikuwa tunazika vijana, na kila mtu alijua kwamba damu haipokelewi bila kupimwa. Wakiikataa, umejijua, na wewe hukuwa umeuliza.

Nilimwachia kaka yangu nafasi ya mwisho kwa sababu nilikuwa na hakika naye. Alikuwa dereva wa lori, anapeleka mahindi na mbao mbali, anarudi na zawadi kwa kila mtu. Alinikuta kwa mama, tukakaa jikoni. Nilimweleza. Alisikiliza huku akichokoza moto kwa kijiti.

"Mimi nina presha," alisema.

"Tangu lini?"

"Ipo tu. Inapanda na kushuka."

Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa. Kaka alisimama, akasema anakwenda kuangalia gurudumu, na hatukumwona tena siku hiyo.

Sikumkasirikia. Niliteremka na mkungu wa ndizi begani, nikahisi kama nimebeba mlima wenyewe.

Siku chache baadaye mama alishuka kumwona mkwewe. Alivaa viatu vyake vya kanisani, amebeba maziwa mgando na nyama ya mbuzi iliyochemshwa na majani ya dawa. Mke wangu alimwamkia shikamoo akitaka kuinuka, mama akamzuia kwa kiganja. Alikaa, akaangalia matofali chini ya kitanda, akaangalia wodi nzima. Damu ilikuwa haijaonekana kwa muda wa kutosha kabisa kutupa matumaini.

"Imekauka?" mama aliuliza.

"Imekauka, mama."

"Basi anafanya nini hapa?" Alinigeukia mimi. "Kwangu kuna kitanda. Kuna maziwa. Nitamlisha mwenyewe, hatagusa hata ufagio. Hapa anapungua tu, mwone mikono yake."

Nikasema daktari amekataa. Mama akasema daktari ni kijana. Nikasema kijana ndiye mwenye mashine. Tulivutana hivyo kwa Kichagga, kwa sauti ya chini, mpaka nikatambua kwamba mke wangu hajasema kitu na kwamba hayuko upande wangu.

"Nataka kwenda," alisema. Alikuwa anaangalia dirishani. "Mama anasema kweli. Nimechoka na dari hii. Nimechoka kujisaidia kwenye beseni mbele ya watu. Nikalale nyumbani. Kulala ni kulala."

"Na ikianza tena huko? Gari utapata wapi?"

"Na isipoanza?"

Ukweli ni kwamba hata mimi nilitamani. Niliwaza ile njia ya kupanda na baiskeli, benchi, kanga za kufua, nikaona kabisa jinsi ambavyo mama angeyachukua yote hayo mikononi mwake na mimi ningelala. Nikasema tutafikiri. Mama akaondoka akisema atakuja Jumamosi na gari la jirani kumchukua.

Yule mama wa Tarakea alisikia yote. Kesho yake aliomba aruhusiwe. Watoto wake wanne walikuwa kwa shangazi yao, maharage yake yalikuwa ghalani yanaliwa na wadudu, na damu yake pia ilikuwa imekauka. Manesi walimsihi. Daktari alikuja akarudia mambo ya ngumi. Yule mama akasema ameelewa, na kwamba ataondoka kwa hiari yake. Mume wake alikuja kumchukua, mtu mrefu mkimya mwenye koti la mvua. Yule mama alipita kitandani kwa mke wangu, akamwachia ndoo yake ndogo nzuri ya plastiki yenye mfuniko.

"Utaniletea mtoto nimwone," alimwambia. "Na huyu fundi asipike tena mpaka afundishwe."

Kitanda chake kilikaa tupu siku moja, kisha akalazwa msichana mwenye miguu iliyovimba.

Ijumaa, siku moja kabla ya mama kuja na gari, nilifika saa za mchana nikamkuta yule mume wa Tarakea amekaa kwenye benchi letu. Koti lake la mvua lilikuwa limekunjwa mapajani, na kwenye kitambaa kulikuwa na madoa yaliyokauka. Nilijua kabla sijakaa. Nilimsalimia, akaitikia vizuri, akaniuliza mgonjwa wangu anaendeleaje.

"Yupo salama. Na wako?"

"Yupo. Wamemfanyia upasuaji. Yeye yupo." Akaligeuza koti upande usio na madoa. "Mtoto alikuwa wa kiume. Ilianza akiwa amekaa tu, anachambua maharage. Tulipata gari, lakini gari lilikuwa na abiria wa kushusha njiani. Nilimwambia dereva. Nilimwambia mara nyingi."

Nilifungua hotpoti, nikamwekea mtori kwenye mfuniko, akala. Alikula wote, taratibu, kama mtu anayetekeleza amri. Alipomaliza alisema, "Huu ni mzuri. Alikuwa anakusingizia."

Mlango ulipofunguliwa niliingia nikiwa sijui kama nimwambie mke wangu. Hakukuwa na haja. Wodini habari hutembea haraka kuliko manesi. Alikuwa amegeukia ukutani, amejifunika hadi shingoni ingawa kulikuwa na joto.

"Mwambie mama asije na gari," alisema.

"Nitamwambia."

"Aje yeye. Gari asije nalo." Kisha akaongeza: "Nitalala hapa mpaka nioze, lakini huyu sitamwacha njiani."

Jumamosi mama alikuja na gari kwa sababu ujumbe haukumfikia. Nilimweleza kwenye veranda. Alikaa pembeni ya yule mume wa Tarakea aliyekuwa bado yupo, akamuuliza kwa Kiswahili anatoka wapi, na wakaongea muda mrefu, mama akitikisa kichwa. Hakutaja tena habari ya kumchukua mkwewe. Badala yake alikwenda mwenyewe maabara, akavua sweta, akanyoosha mkono wake mkavu, akawaambia watoe damu. Walimuuliza umri. Akasema hajui, ila nguvu anazo, anakamua ng'ombe wawili. Walimrudisha kwangu wakitabasamu, naye alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Wanachagua damu kama wanachagua mchele," alisema.

Sijui alimwambia nini kaka yangu aliporudi nyumbani. Labda hakumwambia kitu. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja katikati ya juma nilikuwa kwenye benchi, nikaona lori linasimama nje ya uzio mahali pasipotakiwa kusimama lori, kaka akashuka. Alikuwa amenyoa. Alikuja moja kwa moja.

"Twende sasa hivi, kabla sijabadili mawazo."

"Kaka, si lazima. Naweza kutafuta mtu—"

"Nimekwambia twende."

Nilimpeleka. Alikaa kwenye kiti cha maabara akageuza uso, na mtu huyu aliyeendesha lori usiku na mchana, aliyewahi kulala porini na simba wakinguruma, alikuwa na jasho la puani kama mtoto. Walipomaliza walimwambia apumzike, anywe kitu, na majibu ya kama damu inafaa atayapata baadaye. Tulirudi kwenye benchi. Nilimnunulia chai. Hakuinywa.

"Unamkumbuka yule mwenzangu tuliyekuwa tunapokezana safari?" aliniuliza.

"Nilikuja kwenye mazishi."

"Tulikuwa tunakula sahani moja. Kila kitu tulifanya pamoja." Alikazia yale maneno ya mwisho, akanitazama ili aone kama nimeelewa, kisha akaangalia pembeni. "Tangu azikwe sijapata usingizi wa maana. Nikikohoa tu, najua ndiyo hiyo."

Mpaka hapo nilikuwa nadhani mimi ndiye niliyechoka katika ukoo wetu. Nilisogea, mabega yetu yakagusana, tukakaa. Wageni waliingia na kutoka. Mke wangu siku hiyo sikumwona mchana, nilimpelekea chakula kupitia kwa nesi nikarudi kukaa.

Alipoitwa, aliingia peke yake, akafunga mlango. Nilisimama nje nikihesabu vigae vya sakafu, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Alitoka akipita mbele yangu kama hanioni, akaenda mpaka kwenye bomba la bustani, akainama akajimwagia maji kichwani, shati na yote.

"Wameichukua," alisema. "Wamesema ni nzuri. Wamesema nirudi tena kutoa baada ya miezi kadhaa." Kisha akacheka, na kucheka kukageuka kitu kingine, na nilimshika mgongoni mpaka kikaisha. Baada ya hapo alikula maandazi yote niliyokuwa nimemletea mke wangu na kuniomba radhi.

Haikupita muda mrefu tukaihitaji. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa ndani, saa za wageni zilikuwa hazijaisha. Mke wangu alikuwa ananisimulia ndoto ya kipuuzi kuhusu ng'ombe wa mama kuingia kanisani. Akanyamaza katikati ya sentensi. Akaweka mkono chini ya shuka, akautoa.

"Ita nesi," alisema, kwa sauti ile ile ya siku ya kibaraza.

Sikuita, nilipiga kelele. Walikuja watatu, mmoja akanisukuma hadi ukutani, matofali yakaondolewa, kitanda kikaanza kwenda. Nilikimbia kando yake kwenye korido. Alikuwa na rangi ya majivu midomoni. Aliniambia nisisahau ndoo yenye mfuniko, iko chini ya kikabati. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa mbele yangu nikabaki nimeshika kandambili yake moja.

Kuhusu muda ule sina mengi ya kusimulia. Nilikaa. Nesi alipita akikimbia na damu kwenye mifuko, na nilijiuliza ni ya nani kati yetu, yangu, ya shemeji yangu au ya kaka. Nilijaribu kusali nikakuta narudia mstari mmoja tu wa Salamu Maria, siendi mbele. Nilikuwa nimechoka mno hata kuogopa sawasawa.

Aliyetoka ni yule yule daktari kijana. Alisimama mbele yangu akivua kofia.

"Mama amepoteza damu nyingi, lakini tumemrudishia. Yupo. Mtoto wa kike. Ni mdogo, itabidi tumtunze kwenye joto. Unaweza kulia kama unataka."

Sikulia. Nilimuuliza kama naweza kukaa, na nilikuwa nimekaa tayari.

Nilipoonyeshwa binti yangu alikuwa amefungwa kwa pamba na kitambaa cha hospitali, uso wake kama ngumi ya mzee. Hatukuwa tumeandaa nguo hata moja. Baada ya zile mbili zilizotoka, hatukuthubutu. Nesi aliniambia nilete kofia na soksi, kichwa kinapoteza joto. Nilitembeza macho mitumbani, kila kofia ya mtoto ilikuwa kubwa kama sufuria kwa kichwa kile. Nikarudi kibarazani nikakata fulana yangu laini, nikashona kofia nne kwa kukadiria kwa chungwa. Ya kwanza tu ndiyo iliyomtosha. Nyingine alikuja kuzivaa baadaye.

Mke wangu alikaa siku nyingi bila nguvu za kuinua kichwa. Alikamuliwa maziwa kwenye kikombe, mtoto akayapata kwa mrija mwembamba puani, tone kwa tone. Baadaye manesi walimfundisha kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa na kitenge. Alipochoka yeye, walinifunga mimi. Niliona aibu kuvua shati mbele ya wale wanawake. Lakini yule mtoto alipolala hapo, mwepesi kama furushi la uzi, akihema kwa kukata na kuanza upya, sikuthubutu kusogea. Mguu ulikufa ganzi. Nzi alikaa kwenye pua yangu akazunguka apendavyo.

Tuliruhusiwa mtoto alipoanza kunyonya mwenyewe na kuongezeka. Mama alitaka tupande Kibosho moja kwa moja, na safari hii sikupinga. Kaka alikuja na gari la kuazima, akaendesha polepole kuliko alivyowahi kuendesha maisha yake, magari ya nyuma yakimpigia honi. Mimi nililala njia nzima, mdomo wazi. Sikuuona mlima, wala mji tulipouacha.

Barabara ilipoishia, ilibaki njia ya miguu kati ya migomba na mikahawa kwenda kwa mama. Kaka alitaka kumbeba mke wangu mgongoni. Akakataa.

"Nitatembea."

"Utaanguka," nilisema.

"Basi nianguke. Nimelala vya kutosha."

Miguu yake ilikuwa imekonda, goti linaonekana kuwa kubwa kuliko paja. Kaka alitangulia na mtoto, amemshika kwa mikono yote miwili mbele yake kama anavyobeba mtu bakuli lililojaa. Sisi tulifuata nyuma, yeye ameniegemea, hatua chache tunasimama, hatua chache tunasimama. Kahawa ilikuwa imeshachumwa yote. Kutoka nyumbani tulisikia wanawake wameanza vigelegele, maana walikuwa wamemwona kaka.

Tulipofika alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa mama, hakutaka kuingia ndani wala kulala. Wanawake walimzunguka. Aliwaomba maji ya kunywa, akanywa kikombe chote, akaomba kingine. Mimi nilitafuta mahali pa kuketi pembeni yake.